Sentensi za Kweli Tu

Mwalimu Cikuru alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule unaohamia ndani ya mtu, ukatandika kitanda chake na kukaa. Usiku kucha alikuwa Tonawanda, kwenye kiwanda cha vipuri vya plastiki vya magari, amesimama mbele ya mashine inayotema vipande vya moto, naye anavikata ncha na kuvipanga kwenye maboksi. Alfajiri anarudi nyumbani Buffalo, na kabla hajavua hata yale mabuti yenye chuma mbele, anakaa kwenye kiti cha jikoni, anaweka simu mezani na kubonyeza namba ya laini ya maombi. Wakati huo mkewe Séphora anafunga zipu ya koti kwenda kufua mashuka ya hoteli. Wanapishana mlangoni. Ndoa za Marekani ndizo hizo, watu wanapendana kwa zamu.

Laini yenyewe, kwa asiyeijua, ni namba ya simu ya bure. Unapiga, unakuta Wakongo wenzako wa kila mji wameshaanza kuomba: wa Louisville wapo, wa Columbus wapo, wa Buffalo wapo na baridi yao. Anayepika anaomba huku sufuria inagongana, anayeendesha anaomba huku indiketa inalia. Ikifika saa kumi na mbili amina inasemwa, watu wa maombi wanakata, na kila Jumanne na Alhamisi watu wa Kiingereza wanabaki. Hilo ndilo lilikuwa darasa la Cikuru. Halikuwa na ubao wala chaki, lilikuwa na masikio tu.

Huko Uvira alifundisha Kiingereza sekondari, akiwa na tai shingoni na kalamu mbili mfukoni. Hapa hakuna aliyemwuliza habari za tai. Lakini kufundisha kulikuwa kumemkaa mwilini, na majira yale ya baridi ya mwaka 2016 alikuwa amewafikisha wanafunzi wake mahali pagumu. Kusema mimi nafanya na mimi nilifanya walishakujua. Sasa walikuwa kwenye sentensi zenye pande mbili zinazovutana, zile za although, ingawa hivi lakini vile. Na zile zinazoanza na jambo lililokwisha, having done this, nikiisha kufanya hili ndipo nikafanya lile. Wengine walilalamika kwamba kazi ya kubeba maboksi haihitaji hayo yote.

"Bon, musikilize," aliwaambia. "Mutu akienda ku interview akasema vipande vipande, wanafikiri na akili yake iko vipande vipande. Tuunganishe."

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, sentensi iwe ya kweli, itoke kwenye maisha yako mwenyewe. John na Mary wa vitabuni hakutaka hata kuwasikia. Watu gani hao, alisema, wanaenda sokoni miaka yote na hawajawahi kuchoka. Ya pili, hakuna kosa linalopita. Ukikosea husikii karipio wala cheko, unasikia neno moja: "Rudia." Ukikosea tena, "Rudia." Aliwahi kumwambia mchungaji "rudia" katikati ya baraka, kwa sababu mchungaji alichomeka Kiingereza kikakaa upande. Laini nzima ilishikwa na kikohozi cha kuficha kicheko. Mchungaji akarudia.

Basi watu walileta zao. Goreth, anayepanga nguo kwenye duka moja kule Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema: "Although my manager smiles, she is not my friend." Ingawa bosi wangu anatabasamu, si rafiki yangu. Cikuru akasema hiyo ndiyo sentensi, ina damu ndani yake. Naye Cikuru mwenyewe, wakimwomba mfano, alitoa uleule kila mara: "Having worked all night, I teach." Nikiisha kufanya kazi usiku kucha, nafundisha. Goreth akamtania kwamba mfano huo umechakaa kuliko mabuti yake.

Halafu kulikuwa na Kabanyana.

Kabanyana alikaa Louisville, kule South End, na bintiye Isimbi wa miaka kumi na miwili. Ndiyo maana watu wengi walimwita Mama Isimbi. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mtu wa milima ya juu ya Kivu Kusini, na sentensi zake zote zilimhusu mama yake. Mama yake, Bibi Liberati, alikuwa bado kambini Burundi, akingoja faili lake litembee. "Although my mother is far, she scolds me every Sunday." Ingawa mama yangu yuko mbali, ananigombeza kila Jumapili. Darasa zima lilimfahamu Bibi Liberati kwa njia hiyo. Walijua anapenda ugali wa mtama, walijua amegombana na jirani kwa ajili ya bata. Cikuru yeye alimfahamu kwa macho. Kambini vibanda vyao vilitazamana, na Séphora alipougua malaria, bibi huyo alikuwa analeta viazi vitamu vya kuchoma, amevifunika kwa kitenge, anaviweka mlangoni bila kubisha hodi.

Sasa kuna jambo moja la kueleza, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu. Mtu akifiwa, wa kwanza kujua ni wakubwa wa ukoo. Wao wanakusanyika, wanakwenda mpaka nyumbani kwake, wanakaa naye, wanamzunguka kwanza, ndipo anaambiwa, ili akianguka awepo wa kumdaka. Huko nyumbani kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Hapa Marekani ukoo umetawanywa kwenye majimbo matatu, na kila mtu ana bosi wake. Basi msiba unafichwa mpaka watu wapate likizo.

Kabanyana alishaonja jambo hilo. Kaka yake Kamanzi alipofariki, yeye hakuambiwa. Wakubwa walikuwa wanangojana. Katikati ya kungojana kulikuwa na harusi palepale Louisville, naye akaenda, amejifunga kitenge kipya, akacheza mpaka viatu akavua. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti wanamtazama, na karibu wote walijua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kifo chenyewe. Alimwambia Cikuru siku moja, darasa lilipokwisha na wengine wamekata.

"Nilicheza mbele yao, Mwalimu. Walinitazama nacheza." Kisha akaongeza: "Weye si wa ukoo, hawakuhesabu mu vikao yao. Siku kitu kikimufikia mama, uniambie. Usiniache nicheze."

"Nitakuambia," Cikuru alisema.

"Unaahidi?"

"Naahidi, Mama Isimbi."

Aliahidi kwa moyo mmoja. Ahadi ni rahisi wakati hakuna aliyekufa.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, Cikuru akiwa ndiyo kwanza amejifunika blanketi, simu ikaita. Alikuwa Mzee Rudasingwa wa Reynoldsburg, baba mdogo wa Kabanyana, mwenye sauti ya polepole inayokufanya uketi hata kama umelala.

"Bon, Mwalimu. Liberati ametutoka jana jioni. Alisema kifua kinabana, wakamupeleka ku hospitali ya kambi, hakufika usiku."

Cikuru akakaa kitandani. Akaona vile viazi vitamu, akaona kile kitenge. Akauliza Kabanyana anaendeleaje, na Mzee Rudasingwa akamwambia ndiyo sababu ya kumpigia. Mtoto wa marehemu hajui. Hatajua mpaka Jumamosi, watakapofika. Yeye mzee hana wa kumwendesha, Goreth yuko kazini mpaka Ijumaa jioni, na Cikuru mwenyewe ana zamu. Marekani hakuna nafasi ya msiba wa Jumatano. Vijana wameshaanza kuweka picha ya bibi Facebook na mishumaa, naye ameshinda asubuhi nzima anawapigia mmoja mmoja waiondoe. Simu ya marehemu wameizima kule kambini.

"Na wewe," mzee akamalizia, "darasa la kesho ulifanye. Usipofanya atashituka."

"Mzee, mimi nilimuahidi."

"Ulimuahidi nini?"

Cikuru akaeleza. Upande wa pili ikasikika televisheni ya mjukuu ikitoa sauti za katuni.

"Sasa nisikilize," Mzee Rudasingwa akasema, bila ukali. "Kuna mwanamke hapa kwetu aliambiwa kifo cha baba yake mu simu, akiwa anaendesha. Mpaka leo anatembea na fimbo. Mama Isimbi anakaa peke yake na mtoto. Ukimuambia, nani atamushika? Wewe uko Buffalo. Utamushika na mikono gani?"

Kusema kweli, Cikuru hakutafuta jibu sana. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hoi akipewa sababu nzuri ya kunyamaza anaipokea kwa mikono miwili. Akasema sawa, Mzee. Usingizi wenyewe haukuja tena.

Alhamisi alfajiri laini ilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Waliomba kwa sauti za chini, wakaomba Mungu awatie nguvu wenye kusafiri, awafariji wenye kungoja, maneno ya kuzunguka zunguka ambayo kila mmoja alijua yanamlenga nani, isipokuwa aliyelengwa. Kabanyana alisema amina pamoja nao. Kisha wa maombi wakakata.

"Bon," akasema Cikuru. "Tuanze. Nani ana sentensi?"

Goreth, ambaye siku zote hakungoja kuulizwa, siku hiyo alikuwa na kikohozi. Mwingine akasema hakupata muda wa kuandika. Ndipo sauti ya Kabanyana ikaja, tulivu, pamoja na mlio wa kijiko ndani ya kikombe.

"Niko nazo mbili, Mwalimu."

Akasema ya kwanza. Ingawa mama yangu ni mzee, anachota maji mwenyewe. Akasema ya pili. Akiisha kuchota maji, mama yangu ananingoja nipige simu. Ndivyo alivyokusudia, ila Kiingereza chake kilikwenda kombo mahali palepale ambapo kilikuwa kinakwenda kombo tangu Krismasi, mahali ambapo Cikuru alikuwa amesema "rudia" mpaka neno lenyewe likataka kuota ndevu. Watu wakangoja. Hata Goreth akaacha kukohoa.

Cikuru akafungua mdomo. Akajiona anamlazimisha yule mwanamke aseme tena kwamba mama yake anachota maji. Aseme tena kwamba mama yake anangoja.

"Vizuri sana, Mama Isimbi," akasema. "Vizuri kabisa."

Kijiko kikaacha kugonga kikombe. Friji la mtu likasikika likinguruma.

"Aksanti, Mwalimu," Kabanyana akasema. Kisha akakata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya darasa kwisha.

Cikuru alijilaza na nguo zake. Saa za mchana zikapita juu yake, anafumba macho na kuyafumbua, anageuka ubavu huu na ule. Akajiambia kwamba amemsaidia. Akajiambia kwamba mzee ana haki. Ilipofika saa nane akaona kwamba hayo yote ni porojo, kwamba aliahidi kitu kimoja tu na hicho hakukifanya. Akachukua simu na kumpigia Kabanyana kazini, zamu yake ikikaribia kwisha. Alikuwa amekata shauri. Atamwambia aketi kwanza, kisha atasema.

"Allô, Mwalimu." Nyuma yake kulikuwa na bibi mmoja wa kizungu anaita, honey, honey, kama mtoto.

"Mama Isimbi. Uko wapi?"

"Niko ku kazi. Naenda kumulisha huyu, kisha narudi nyumbani." Akamwambia yule bibi asubiri. "Kuko neno, Mwalimu?"

Ndilo swali lenyewe. Lilikuwa limewekwa mezani, wazi, lisilo na kona. Na Cikuru akamwona anaanguka kwenye korido ya nyumba ile, hana hata mmoja wa kabila lake wa kumwinua. Akamwona kwenye usukani na macho yamejaa maji.

"Hapana," akasema. "Nilitaka kukukumbusha kazi ya nyumbani. Sentensi za wiki ijayo."

"Kazi ya nyumbani."

"Ndiyo."

"Bon. Sawa, Mwalimu. Nitaifanya."

Akakata yeye kwanza. Cikuru akabaki ameshika simu, anajichukia kwa utulivu, bila hata nguvu za kujichukia vizuri.

Jumamosi alitoka kiwandani Tonawanda moja kwa moja na gari, thermosi ya kahawa kati ya mapaja, theluji chafu imerundikana kando ya barabara. Séphora alikuwa amempa mfuko wa mchele na mafuta ya kupikia vya kupeleka msibani, kwa kuwa yeye hakupewa ruhusa. Mchana alifika Reynoldsburg. Mzee Rudasingwa alikuwa ameshavaa suti na kofia, ameketi kwenye ngazi za apatimenti na fimbo yake. Goreth akaja na masufuria mawili yaliyofungwa kwa taulo, akayaweka kwenye buti la gari na kukaa kiti cha nyuma.

Kutoka Columbus hadi Louisville si mbali sana kwa mtu aliyelala. Cikuru alikuwa anafungua dirisha ili baridi imchape usoni. Goreth alijaribu kumwamsha kwa maneno.

"Mwalimu, niko na sentensi. Although we are going to a funeral, Mwalimu is driving like he is the dead one." Ingawa tunaenda msibani, Mwalimu anaendesha kama yeye ndiye maiti.

Siku nyingine Cikuru angecheka. Mzee Rudasingwa ndiye aliyecheka, kidogo, puani. Kisha akarudi kwenye shughuli yake, maana tangu Cincinnati alikuwa anafanya mazoezi ya maneno kwa sauti ya chini, namna atakavyoanzia mbali, kwenye safari na hali ya hewa, aje kwenye uzee, aje kwenye mapenzi ya Mungu, ndipo afike. Walikuwa wamekubaliana pia kuhusu uongo wa mlangoni. Watasema wamekuja kutazama gari linalouzwa, wakaona si vizuri kupita bila kusalimia.

"Alisema nini, Alhamisi, mliposema naye?" mzee akauliza ghafla.

"Hakusema kitu. Aliuliza kama kuko neno."

"Na wewe?"

"Nikasema hakuna."

"Vema," akasema mzee. Lakini hakulisema kama mtu anayeamini.

Waliegesha mbali kidogo na nyumba, kama watu wa kuja kutazama gari. South End ilikuwa imetulia kwa Jumamosi, basi la mji linapita tupu, duka la Wasomali limefungua mlango kuingiza jua. Wakapanda ngazi polepole kwa ajili ya magoti ya Mzee Rudasingwa. Cikuru alibeba masufuria. Kabla hawajabisha, mlango ukafunguka. Alikuwa Isimbi, amevaa soksi, nywele hazijasukwa.

"Mom said you'd come today," akasema. Mama alisema mtakuja leo.

Hakuna aliyekumbuka uongo wa gari.

Vitu vya sebuleni vilikuwa vimehamishwa. Kochi limesukumwa hadi jikoni, meza ya kahawa imesimamishwa ukutani, televisheni imegeuzwa uso. Viti vya kukunja, vile vya kuazima kanisani, vilikuwa vimepangwa kuzunguka kuta, tupu vyote. Katikati ya zulia kulikuwa na godoro, na juu ya godoro Kabanyana amekaa, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunga kitenge, kama anavyokaa mfiwa. Thermosi mbili za chai zilikuwa tayari, na vikombe vimefunikwa kitambaa. Alikuwa amejiandalia nyumba ya matanga peke yake.

"Karibuni," akasema. "Mukae. Musimame kama wageni."

Goreth akaweka mkono mdomoni. Mzee Rudasingwa akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, kofia mkononi, na maneno yote aliyoyapanga tangu Cincinnati yakamtoka kichwani.

"Mwanangu," akaanza, "ulijua lini?"

"Simu ya mama ilizimwa Jumanne, nikasema ni batterie. Alfajiri ya Alhamisi batu wakaomba kwa sauti kama mutu amelala chumbani, nikasema ni desturi." Hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa anamtazama Cikuru, ambaye bado ameshika masufuria. "Halafu Mwalimu akaniambia vizuri sana. Tangu nimujue hajanipitishia kosa hata moja. Nilijua palepale, kikombe mkononi."

"Mama Isimbi," Cikuru akasema.

"Sijamaliza. Nikaenda kazini. Nilitaka kuomba ruhusa, supervisor akaniuliza, kuna nini? Nikasema hakuna. Ningemuambia nini? Msiba sikuambiwa. Nikaogesha wazee wa batu Alhamisi, nikaogesha Ijumaa. Alhamisi ile Mwalimu akanipigia, nikasema, bon, huyu sasa ananiambia. Nikamuuliza mwenyewe." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imechoka tu, imechoka kuliko ya Cikuru. "Hata huyu mutoto sikumuambia. Aliniona nasukuma kochi akaniuliza, Mama, what are you doing? Nikasema nasafisha. Sikulia, Baba mudogo. Nilifikiri, nikilia na bado hawajasema, labda mimi njo nimemuua."

Isimbi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anawatazama watu wazima mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameanza kuelewa, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwonyesha.

Mzee Rudasingwa akajikohoza. Alitaka kuinuka kusema, maana ndiyo kazi yake, na kazi hiyo lazima ifanywe hata kama mfiwa anajua. Kabanyana akanyanyua mkono, kwa heshima, kiganja kikiwa chini.

"Unisamehe, Baba mudogo. Weye ni mukubwa wetu. Lakini huyu aliniahidi. Aseme yeye."

Mzee akamtazama Cikuru muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Goreth akachukua masufuria mikononi mwa mwalimu, kwa sababu alikuwa bado ameyakumbatia, akayaweka sakafuni.

Cikuru alikuwa amefundisha watu kuunganisha maneno kwa miaka mingi, Uvira, kambini, na kwenye laini ya simu. Alijua namna ya kutanguliza hili na kuchelewesha lile, namna ya kuweka upande mmoja wa maneno ili upande wa pili usiumize sana. Akavitafuta vyote hivyo. Akavua kofia yake ya sufu.

"Ingawa—" akaanza, akaacha. "Mama yako amefariki. Jumanne jioni, kambini."

Kabanyana hakusogea. Alikuwa amemkazia macho, kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya.

"Rudia," akasema.

Goreth akageukia ukuta. Cikuru akapiga magoti kwenye zulia, na mabuti yake ya kiwandani, macho kwa macho na yule mwanamke, akarudia.

"Mama yako Liberati amefariki, Kabanyana. Nilijua tangu Jumatano. Sikukuambia."

Ndipo akalia. Kilio kilichokuwa kimekaa ndani tangu Alhamisi kikatoka chote, kirefu, cha milimani, Goreth akamdaka upande mmoja na Isimbi akaja mbio akamdaka upande wa pili, analia naye, anaita bibi kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao ambayo mama yake hakujua kama bado anaikumbuka. Mtu wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa mguu, mara moja, kisha akanyamaza. Mzee Rudasingwa akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Cikuru alibaki palepale kwenye magoti yake, kando ya godoro, na Kabanyana alipoyumba mbele, mikono ya mwalimu ilikuwa pale.